Nilimchora Nana Kabla ya Mbiu

Nilipokomea Jumapili iliyopita, bahasha ya kaki ilikuwa mezani na mimi nilikuwa naizungukazunguka kama paka mwenye wasiwasi na chakula.

Kwa aliyekosa gazeti: mimi ni Kwaku Dwamena, mchoraji wa Nsutemaso, mwendo wa saa mbili kutoka Kumasi. Mwaka huu ukuta wa kanisa niliouchora malaika kumi na wawili umepakwa chokaa, kwa sababu mchungaji mpya anasema malaika wangu wana sura za wauza samaki. Vitabu vya shule nilivyoahidiwa kuvichorea vimepewa kompyuta. Mke wangu Fosua amerudi kwao Techiman, akaacha ujumbe kwamba nikipata nafasi nimchoree mume.

Wengi mmeniandikia kunipa pole. Nawashukuru, lakini zirudisheni kwanza mfukoni. Yale ya nyuma nilitendewa. Ya leo nimeyatenda mwenyewe, na sijui kama nitapata usingizi nikishayaandika.

Bahasha ililetwa na dada yangu Birago.

Birago ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita, yeye kumi na tisa. Aliuza kenkey, madonge ya unga wa mahindi, stendi ili mimi ninunue penseli, na watu walipomcheka kwamba anasomesha mtu wa kuchafua karatasi, aliwajibu kwamba karatasi ni zake. Sasa ana miaka hamsini na mitatu. Hana mtoto, hana mume. Ana chumba kimoja, shamba la ndizi nyuma ya mto, kaburi la mama analolipalilia kila Alhamisi, na jiko la jumba la chifu alilolipikia miaka kumi na mitano. Mji mwingine haujui, wala hajawahi kuutaka.

Alisema bahasha ametumwa na Okyeame Gyasi, msemaji wa jumba. Ilikuwa imefungwa kwa gundi sawasawa. Hakuuliza kilichomo, aliniuliza tu kama nimekula.

Alipoondoka nikaifungua. Ndani mlikuwa na picha ya chifu wetu, Nana Bimpong, ile ya siku ya sikukuu ya viazi vikuu, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa Okyeame mwenyewe:

*Mchoraji. Uso ndani ya duara. Rangi nyeusi na nyekundu, ya kuchapishwa kwenye nguo. Nataka mapema, kabla Nana Ohemaa na akina mama hawajakaa kikao. Mleta bahasha hajui kitu, usimwambie. Gyasi.*

Nikakaa chini. Kwetu, uso wa mtu ukiwekwa kwenye nguo nyeusi na nyekundu, hakuna haja ya kuuliza anaendeleaje.

Wiki ya tatu sasa tulikuwa tukiambiwa kwamba Nana amekwenda kijijini. Ndivyo inavyosemwa. Chifu hafi, huenda kijijini, naye hukaa huko mpaka jumba liwe tayari, mpaka Nana Ohemaa, dada yake anayekalia kiti cha akina mama, atamke, na mbiu ipigwe. Kabla ya hapo kila mtu anaweza kujua na hakuna anayejua. Ukikutana na jirani sokoni mnasema Nana amekwenda kijijini, mnatazamana, mnauliziana bei ya nyanya. Atakayelitoa neno lile nje kabla ya mbiu ameuvua mji nguo.

Okyeame alikuwa anaharakisha nguo bila ruhusa ya Ohemaa, ili kazi iende kwa kiwanda cha rafiki yake kabla akina mama hawajachagua chao. Hilo lilikuwa jambo lake. Langu lilikuwa kuchora.

Nikachora siku tatu. Nilipiga mistari ya miraba juu ya picha, nikaihamisha sura mraba kwa mraba, kama nilivyofundishwa na marehemu Mwalimu Kusi. Siku ya pili mkono ukaanza kwenda wenyewe. Ile mikunjo ya chini ya jicho, ule mdomo wa Nana ambao hujui kama anakasirika au anajizuia kucheka, vilitoka kwenye karatasi kama vilikuwa vinanisubiri. Nimechora miaka ishirini na saba na sijawahi kuchora hivyo. Nililia, nakiri, kwa furaha, mbele ya uso wa mtu aliyekufa.

Kazi ilipokwisha nikafanya alichonifundisha Mwalimu Kusi kwa picha za marehemu: nikachoma kila kilichobaki. Miraba, karatasi za kujaribia, na ile karatasi ya maagizo. Mwalimu alisema sura ya marehemu isilale ovyo karakanani. Nikatii, kwa mara yangu ya kwanza mwaka huu kutii kitu, na tazameni kilichonipata.

Ikafika Ijumaa.

Kila Ijumaa mimi huweka kazi zangu za karibuni kwenye ukurasa wangu wa simu, ili wateja waone kwamba mkono bado upo. Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimeweka jogoo mmoja tu, wa bango la mgahawa, na chini yake Ampadu mwenye duka la mabango akaandika mbele ya watu wote: "Bwana mchoraji, bado unanoa penseli? Mashine yangu ingekutolea banda zima la kuku." Watu mia moja na arobaini walibonyeza alama ya kicheko. Niliwahesabu.

Kwa hiyo Ijumaa hii nilijiandaa. Bibi harusi mwenye vazi la kente niliyeagizwa na familia moja ya Mampong. Mkunga mstaafu. Simba wa timu ya vijana wa mtaa wa juu. Jogoo yuleyule, kwa ukaidi. Picha ya meza yangu ya kazi, niliyoipiga siku ya kwanza ya kumchora Nana, kuonyesha penseli. Zote nzuri, zote za kawaida. Halafu uso wa Nana ukanitazama kutoka ukutani.

Nilijiambia nitaweka uso peke yake. Bila duara, bila nyeusi, bila nyekundu. Mchoraji amemchora chifu wake, kuna ubaya gani? Nikaikata picha kwenye simu mpaka ikabaki paji la uso, macho na ule mdomo. Nikaandika: *Kazi za karibuni. Karibuni kwa maagizo.* Nikabonyeza.

Mioyo ikaanza kumiminika. Mtu akaandika kwamba huku si kuchora, huku ni kumwita mtu. Nikajipikia fufu ya unga, nikaila nikiwa nimesimama huku nasoma sifa zangu. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Saa sita mchana binamu yangu aliyeko Hamburg akapiga simu. Hakunisalimia. Aliniuliza Nana amefariki lini.

Nikamwambia aache uchuro, Nana amekwenda kijijini. Akaniambia nilichokiweka si picha ya mtu aliyekwenda kijijini, na kwamba niiguse niione.

Nikaigusa. Ikafunguka yote.

Kile nilichokikata kilikuwa kile kidogo kinachoonekana mwanzo. Ukikigusa, picha inajitandaza nzima kama ilivyozaliwa: duara, kingo nyeusi, maua mekundu ya msiba, na chini yake nafasi niliyoiacha ya kuandikia tarehe. Watu mia sita walikuwa wameshaigusa.

Nikafuta. Nilifuta picha ile, nikafuta zote, nikafuta ukurasa, nikafuta na zilizokuwa ndani ya simu. Nilipomaliza nikasikia mwanamke analia mtaa wa chini. Akapokewa na mwingine karibu na kisima. Kilio kikapanda mji mzima hadi kwenye lango la jumba, na hakuna aliyekuwa amepiga mbiu.

Kesho yake asubuhi Okyeame Gyasi akaja na wanaume wawili. Ni mtu mrefu, sauti yake laini, hata akikutukana unatamani arudie. Nilitegemea anitandike. Akakaa kwenye kiti changu cha wateja, akaniuliza kwa upole nani aliyenipa picha ya Nana.

Nilidhani ananitania. Nikamwambia ni yeye.

"Mimi?" akawageukia wenzake. "Mmesikia? Kijana amechoka. Mimi nimempa nini?"

"Ulinipa bahasha, Okyeame. Kwa mkono wa Birago. Na barua umeandika mwenyewe."

"Ilete."

Nikatazama chini. Majivu ya barua yalikuwa bado kwenye bati pembeni ya mguu wake.

Aliyaangalia yale majivu, akaniangalia mimi, akatabasamu kidogo. Akasema jambo ni rahisi kuliko nilivyolifanya. Mpishi wa jumba ameona asiyopaswa kuona, ameiba picha, amempelekea mdogo wake apate kazi. Mchoraji huchora anacholetewa, atatoa kondoo na chupa mbili za kinywaji cha kuomba radhi, basi. Aliyeitoa siri nje ndiye atakayeondoka mjini. Kikao kwa Nana Ohemaa ni Jumatatu. Wenzake wakautoa mchoro ukutani, wakaondoka nao.

Birago alikuja jioni ile ameshasikia. Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja, kama kweli ndani ya ile bahasha mlikuwa na picha na barua ya Okyeame. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi utasema ukweli Jumatatu, Kwaku. Wewe ukisema, mimi nitakuwa salama." Akafagia yale majivu akayamwaga nje, maana hawezi kuona uchafu akauacha.

Jumatatu asubuhi, nikiwa natafuta shati, akaingia mtu ambaye sikumtegemea: Ampadu wa mabango.

Alisimama mlangoni kama aliyekuja kuazima chumvi. Akatoa karatasi inayong'aa, imechapishwa dukani kwake. Ilikuwa picha ya meza yangu, ile ya penseli, niliyoiweka Ijumaa na kuifuta. Nayo pia niliikata kwa juu juu tu. Nzima ilionyesha penseli, raba, kikombe cha chai, na karatasi ya Okyeame imelala katikati, kila herufi inasomeka. *Mleta bahasha hajui kitu.*

Nikamuuliza ameipata wapi.

"Kazi zako zote ninazo," akasema, anatazama sakafu. "Nazihifadhi. Mashine haijui kuchora mikono ya watu, inawapa vidole saba. Naigaiga yako." Akakohoa. "Mimi jumbani siendi, ndio wateja wangu wakubwa. Wewe nenda nayo. Birago ni mtu wa watu."

Nilitaka kumkumbatia. Nikaikunja karatasi mara nne, nikaitia kwenye mfuko wa shati, nikafunga kifungo. Kwa mara ya kwanza mwaka huu nilitembea kifua mbele.

Laiti ningetembea haraka zaidi. Langoni, chini ya kibanda cha ngoma, Okyeame alikuwa ananisubiri peke yake.

Hakunitisha. Hilo nataka mlielewe, kwa sababu wengine mtanitafutia kisingizio. Alinishika bega kama mjomba.

"Nimeiona picha yako usiku na mchana tangu Ijumaa," akasema. "Mimi nimewazika machifu wawili, sijawahi kuona kitu kama kile. Nguo bado inahitajika, Kwaku. Na mimi nasema iwe ile yako. Watu elfu nne watavaa mkono wako siku moja. Watatoka Kumasi, watatoka Accra, watatoka Ulaya. Na pembeni ya kila nguo, jina. Dwamena."

Nikamuuliza Birago je.

"Birago atakwenda mahali miezi mitatu, minne. Watu wakisahau atarudi, mimi mwenyewe nitamsemea. Wewe unafikiri Nana Ohemaa anaweza kukaa bila supu ya karanga ya Birago?"

Hata alicheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikatabasamu.

Ukumbi wa Nana Ohemaa ni ua wenye kivuli, sakafu ya saruji nyekundu. Akina mama wazee walikaa pande mbili. Birago alisimama katikati, miguu mitupu, mikono nyuma, kama mtoto aliyechelewa shule. Nami nikavua viatu.

Sasa mjue jambo moja kwa wasio wa kwetu. Huzungumzi na Nana Ohemaa ana kwa ana. Unamwambia Okyeame, na Okyeame anamwambia Nana, hata kama Nana amekaa hatua tatu kutoka kwako na masikio yake ni mazima. Jumba letu ni dogo, lina msemaji mmoja. Kwa hiyo lile neno la kumshitaki Gyasi nilipaswa kumkabidhi Gyasi, nikimwangalia usoni, ili alipeleke.

Ohemaa angesikia, ndiyo. Alikuwa pale. Ningeweza kuitoa karatasi, nikainyoosha juu, mji mzima ukaisoma. Sikuzibwa mdomo na mtu.

Okyeame alinigeukia, fimbo yake ya dhahabu mkononi, akaniuliza kwa sauti ile tamu: nani aliyenipa picha ya Nana?

Nikamwona Birago kwa pembeni. Alikuwa amenigeukia uso wote, ametulia kabisa. Hakuwa na hofu. Alikuwa ameshasikia jibu langu Jumamosi.

Mkono wangu ukapanda mpaka mfukoni, ukagusa kifungo. Nikaona watu elfu nne. Nikaona ule mdomo wa Nana kwenye vifua vyao na migongo yao, unatembea barabara nzima, na jina langu pembeni.

Nikasema, "Picha niliipata kwa mkono wa Birago."

Basi. Hakuna neno la uongo ndani yake, mnaweza kuligeuza mtakavyo.

Okyeame akalipokea kwa mikono miwili, kama wasemavyo, akamgeukia Ohemaa na kulipamba. Alisema mchoraji, mtoto wa mji huu, kwa uchungu mkubwa na bila kumficha damu yake mwenyewe, ametamka kwamba ni dada yake. Akina mama wakaguna. Mmoja akasema huyo ni mwanamume. Nilitamani sakafu inimeze.

Birago aliulizwa kama ana la kusema. Alinitazama mara moja. Kisha akasema bahasha kweli aliileta yeye, na hana zaidi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile anayoulizia kama nimekula.

Hukumu ikaja kupitia kinywa kilekile. Mbiu itapigwa kesho alfajiri. Kabla haijapigwa, Birago awe ameuvuka mto. Asirudi Nsutemaso, akiwa hai wala akiwa amekufa.

Nikamtazama Okyeame. Miezi mitatu, minne? Alikuwa anaangalia kichwa cha fimbo yake.

Nana Ohemaa akainua kidole, akataka aletewe mchoro wangu. Aliuweka magotini, akautazama mpaka akina mama wakaanza kupiga chafya za uongo. Machozi yakamtoka bila sauti. Akamnong'oneza Okyeame, na Okyeame akatangaza, safari hii bila mapambo, kwamba Nana anasema huyu ndiye kaka yake hasa, na kwamba uso uliofanya mji ulie kabla ya wakati hautavaliwa na mtu yeyote. Utachomwa leo. Nguo atatengeneza Ampadu, kwa mashine yake. Aitwe sasa hivi.

Waliuchoma pale uani, mbele yangu. Karatasi nzuri huungua polepole, inaanzia pembeni.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Birago amefika kabla yangu. Sikuelewa anafanya nini kwangu, maana chumba cha kufungasha kilikuwa chake. Alikuwa ananikunjia nguo. Alisema atakuwa mbali, na mimi tangu Fosua aondoke naishi kama mtu aliyeokotwa, basi ataniachia angalau zilizofuliwa. Akaniambia nivue shati lile, limelowa jasho.

Nikalivua. Wallahi, wasomaji wangu, nililivua nikampa. Akili yangu ilikuwa bado kule uani na moto.

Birago hupapasa mifuko kabla ya kufua. Amefanya hivyo tangu nikiwa na miaka sita, kwa sababu nilikuwa nasahau vipande vya kalamu za rangi vikachafua nguo zote. Akafungua kifungo. Akaitoa ile karatasi, akaikunjua mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mara ya nne.

Husoma taratibu, midomo ikicheza. Nilimwona akifika mwisho. Nilimwona akirudi nyuma kwenye mstari mmoja na kuusoma tena, na nilijua ni upi.

"Hii ulikuwa nayo kule?"

"Nilikuwa nayo."

"Mfukoni?"

"Mfukoni, dada."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei. Akalinyoosha shati langu, akalikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, akaliweka juu ya mengine. Ningempa chochote anipige. Nilianza kusema juu ya nguo, juu ya watu elfu nne, juu ya miezi mitatu, na nikasikia jinsi maneno yale yanavyosikika ndani ya chumba chenye dada yangu, nikanyamaza.

Ndipo mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Konadu, mhudumu wa Nana Ohemaa, mzee ambaye hajawahi kuonekana akitembea haraka, na sasa alikuwa anahema.

Alisema Ampadu aliitwa jumbani kwa ajili ya nguo. Aliposikia Birago amefukuzwa alishangaa, akauliza mbele ya watu kama karatasi haikutosha. Wakamuuliza karatasi gani. Simu yake hakuja nayo, ameirudia dukani, lakini ameapa kwamba nakala alinikabidhi mimi mkononi asubuhi, kabla ya kikao. Okyeame amesimama na kusema Ampadu ni mlevi. Sasa Nana Ohemaa amemwambia Okyeame aweke fimbo chini. Anataka kusikia kwa masikio yake, bila msemaji katikati.

"Anawaita nyote wawili," akasema Mama Konadu. "Anauliza kama karatasi ipo. Na kama ipo, anauliza ilikuwa wapi wakati dada mtu anahukumiwa."

Nikamtazama Birago. Akiitoa, nyumba yake, shamba lake na kaburi la mama vinarudi kwake, na mimi ndiye nitakayeuvuka mto kabla ya alfajiri, nikiwa ndugu aliyeuza ndugu. Akiificha, nitabaki hapa, kati ya mashati yaliyokunjwa, mpaka nife.

"Dada," nikasema. Sikujua namwomba nini.

Birago aliikunja karatasi mara nne, kwenye mikunjo ileile. Akaitia kifuani, akafunga kitambaa chake cha kichwa upya bila kuangalia kioo. Akamwambia Mama Konadu atangulie, tunakuja.

Kisha akatoka. Hakuniuliza kama nimekula.